Kompyuta ya Nyumbani: Jinsi ya Kuiunda, Kuipoza na Kuinyamazisha

Katika nyumba nyingi za askari siku hizi kompyuta imekuwa chombo cha kawaida kama redio, pasi na cherehani. Mtoto wa sekondari huitumia kwa masomo yake. Mama huitumia kuchapa barua za majirani na mitihani ya shule iliyo karibu, akapata fedha kidogo za mboga. Na askari mwenyewe, akitaka kujiendeleza, huitumia kusomea vyeti. Wengi hununua mashine iliyokwisha tumika pasipo kujua ndani yake mna nini. Wengine huamua kununua sehemu moja moja na kuiunda wenyewe. Njia hii ya pili ina faida kubwa, maana mwenye kuiunda mashine huijua hadi skrubu yake ya mwisho, na siku itakapoharibika hubadilisha sehemu moja tu badala ya kuitupa yote.

Lakini yako mambo mawili ambayo yasipofikiriwa mapema huigeuza furaha hiyo kuwa majuto. La kwanza ni joto, la pili ni kelele. Joto huua mashine kabla ya wakati wake, na mkopo wa chama cha akiba huendelea kukatwa kwenye mshahara mwezi baada ya mwezi huku sanduku limebaki kuwa pambo la pembeni. Kelele nazo huiua raha ya nyumba. Askari aliyerudi asubuhi kutoka lindo la usiku hana wakati mwingine wa kulala ila mchana, na nyumba yenyewe mara nyingi ni vyumba viwili vilivyotengwa kwa pazia. Feni ikivuma kama pikipiki upande mmoja wa pazia, hapana budi mmoja katika nyumba aonewe: ama mtoto aache kusoma, ama baba akose usingizi na kurudi zamu akiwa amechoka. Shirika la Afya la Dunia, katika miongozo yake ya mwaka 1999, lilishauri kwamba kelele ya mfululizo ndani ya chumba cha kulala isizidi desibeli 30, yaani kiasi cha mnong'ono. Jambo la kutia moyo ni kwamba kompyuta iliyoundwa kwa akili inaweza kukikaribia kipimo hicho bila gharama kubwa.

JOTO HUTOKA WAPI

Yafaa ieleweke kwamba kila wati ya umeme inayoingia ndani ya kompyuta hugeuka kuwa joto. Kompyuta haichoti maji wala haisagi mahindi. Kazi yake ni hesabu, na umeme uliotumika katika hesabu huishia kuwa joto ndani ya sanduku.

Tatizo hili si geni. Mashine iliyoitwa ENIAC, ambayo ilionyeshwa kwa watu mjini Philadelphia, Marekani, mwaka 1946, ilikuwa na vali za kioo zipatazo 18,000 na ilitumia umeme wa kilowati 150, hata ikabidi iwekewe mitambo mikubwa ya kupuliza hewa. Mwaka 1980 kampuni ya Apple ilitoa kompyuta iliyoitwa Apple III. Steve Jobs, mmoja wa waasisi wa kampuni hiyo, hakutaka iwe na feni, kwa kuwa alichukia kelele. Joto likabaki ndani, vipande vikalegea katika nafasi zake, mashine nyingi zikarudishwa kutengenezwa, na sifa yake haikupona mpaka ilipoachwa mwaka 1984. Fundisho lake ni hili: ukimya haupatikani kwa kulikana joto, bali kwa kulipa njia ya kutokea.

Katika kompyuta ya leo chanzo kikubwa cha joto ni prosesa, kile kipande kidogo cha mraba kinachofanya hesabu zote. Prosesa kubwa za michezo na sinema huweza kula zaidi ya wati 200 peke yake. Cha pili ni kadi ya picha, kwa mashine zilizo nayo. Cha tatu ni pawasaplai, yaani kifaa kinachoupokea umeme wa ukutani wa volti 240 na kuugeuza uwe wa volti chache.

SILAHA YA KWANZA NI UCHAGUZI

Joto lisilozalishwa halihitaji kupozwa. Kwa hiyo, kabla ya kufikiria feni, mnunuzi ajiulize mashine yake itafanya kazi gani. Chukua mfano wa sajini mwenye watoto watatu, ambaye anataka mashine ya masomo, ya kuchapa na ya kutazama sinema jioni. Huyu hana haja ya kadi ya picha ya peke yake. Prosesa kama AMD Ryzen 5 5600G, iliyotoka mwaka 2021, ina picha ndani yake yenyewe. Kiwanda kimeiandikia wati 65, na ikibanwa kwa kazi nzito huweza kufika wati 88 hivi. Kwa kuiacha kadi ya picha, sajini huyo ameondoa chanzo kimoja cha joto, feni mbili au tatu za kelele, na sehemu kubwa ya bei.

Pili, achague diski isiyo na kitu kinachozunguka ndani. Diski za zamani zina sahani zinazozunguka mara 5,400 au 7,200 kwa dakika, na mzunguko huo hulitetemesha sanduku zima likanguruma. Diski za kisasa hazina cha kuzunguka. Ziko nyembamba mfano wa kipande cha chingamu, upana milimita 22 na urefu milimita 80, nazo hazitoi sauti ya kusikika. Mwenye diski ya zamani ambayo hataki kuitupa anaweza kuikalisha juu ya vipande vya mpira wa ndani wa baiskeli, ili mtetemo usifike kwenye bati la sanduku.

Tatu, pawasaplai isiwe ya kubahatisha. Tangu mwaka 2004 umekuwako mpango uitwao 80 PLUS wa kuvipima vifaa hivi. Hesabu yake ni nyepesi. Sehemu za ndani zikihitaji wati 100, pawasaplai yenye ufanisi wa asilimia 80 huvuta wati 125 ukutani, na wati 25 zilizozidi huwa joto lake lenyewe. Yenye ufanisi wa asilimia 90 huvuta wati 111, na joto lake ni wati 11 tu. Joto likiwa pungufu, feni yake huzunguka polepole, na bili ya umeme hupungua pia. Kwa mashine ya sajini, pawasaplai ya kweli ya wati 450 inatosha kabisa. Ile ya bei ya chini sana, nyepesi mkononi kama boksi tupu, iogopwe. Hiyo ikifa huweza kufa na wenzake.

NJIA YA HEWA

Juu ya prosesa hukaa kipoza joto, yaani mapezi ya bati la alumini yaliyopangwa karibu karibu. Vile vizuri vina mabomba ya shaba yanayotoka chini hadi kwenye mapezi. Ndani ya kila bomba mna maji kidogo yaliyofungiwa bila hewa. Upande wa prosesa maji hayo huwa mvuke, mvuke hukimbilia upande wa baridi, hugeuka maji tena na kurudi, bila pampu wala kelele yoyote. Kazi ya feni ni kuyapepea mapezi hayo tu. Kipoza kidogo kinachokuja ndani ya boksi la prosesa kinaweza kufanya kazi, lakini kwa kuwa mapezi yake ni machache, feni yake hulazimika kukimbia. Kipoza kirefu cha mnara chenye feni ya milimita 120 hufanya kazi ileile kwa mwendo wa taratibu. Vipoza vya maji vyenye pampu na mipira havina haja katika nyumba ya kawaida. Pampu nayo ina sauti, tena huchakaa.

Kuhusu feni iko kanuni ambayo wahandisi huitumia. Mwendo wa feni ukipunguzwa nusu, hewa inayosukumwa hupungua nusu, lakini kelele hupungua kwa desibeli 15 hivi. Na feni mbili zinazofanana zikizunguka pamoja, kelele huongezeka kwa desibeli 3 tu. Basi mwenye kuweka feni mbili za polepole mahali pa moja ya mbio hupata hewa karibu ileile, na kelele imeshuka kwa desibeli 12 hivi. Hali kadhalika feni ya milimita 120 hufagia eneo lipatalo mara mbili na robo ya lile la feni ya milimita 80, na kwa sababu hiyo haina haja ya kukimbia. Kwa maneno mengine, feni ziwe kubwa, ziwe zaidi ya moja, na ziende mwendo wa gwaride la pole.

Hewa nayo iwe na amri ya kuingia na kutoka, kama getini kwenye kambi. Iingie mbele kwa chini na itoke nyuma kwa juu, kwa kuwa hewa ya moto hupenda kupanda. Feni mbili za kuingiza mbele na moja ya kutoa nyuma zinatosha. Zile za kuingiza zikizidi zile za kutoa, hewa ndani ya sanduku hubana kidogo na kusukuma nje kupitia nyufa ndogo, na vumbi hulazimika kupita mlango mmoja tu wenye chujio. Ili kujua feni inaelekea wapi, mtu aitazame: hewa hutokea upande ule wenye vijiti vinavyoishikilia mota.

KUIUNDA

Kazi hii hufanyika mezani, mchana, watoto wadogo wakiwa mbali na skrubu. Kifaa kikubwa ni bisibisi ya nyota. Kabla ya kushika kitu, fundi aguse chuma cha sanduku kisichopakwa rangi ili umeme mdogo wa mwilini umtoke, maana cheche isiyoonekana kwa macho inaweza kuharibu kipande.

Kwanza bodi kuu ilazwe juu ya boksi lake. Wenzo wa soketi uinuliwe, prosesa iwekwe kwa kulinganisha alama ya pembetatu iliyo pembeni, nayo itaingia yenyewe kwa uzito wake. Asilazimishe hata kidogo. Miguu yake ni laini kuliko sindano, na ikipinda ni hasara. Wenzo ukiisha teremshwa, vijiti vya kumbukumbu viingizwe mpaka vibano vilie. Viwili vya gigabaiti 8 ni bora kuliko kimoja cha 16, kwa kuwa picha za prosesa hii hutegemea njia zote mbili. Kisha diski ifungwe kwa skrubu yake ndogo.

Baada ya hapo huja dawa ya kupitisha joto. Kiasi cha punje moja ya njegere katikati ya prosesa kinatosha. Kabla ya kukikalisha kipoza, fundi atazame chini yake: mara nyingi kuna karatasi ya nailoni ya kukilinda, na asiyeibandua huona mashine yake ikichemka siku ya kwanza. Skrubu zikazwe kidogo kidogo kwa kukingamisha pembe, kama zinavyokazwa nati za gurudumu la gari. Waya wa feni uchomekwe kwenye nafasi iliyoandikiwa prosesa.

Ndani ya sanduku mna vijiguu vya shaba ambavyo bodi hukalia. Vihesabiwe na kulinganishwa na matundu ya bodi, kwa kuwa bodi ikigusa bati tupu umeme utapita njia isiyo yake. Waya zipitishwe nyuma na kufungwa vizuri, zisining'inie mbele ya feni. Pawasaplai haifunguliwi kamwe, hata ikiwa imechomolewa, maana ndani yake umeme hukaa kwa muda na unaweza kumpiga mtu.

Mashine ikiwaka, fundi aingie kwenye ukurasa wa mipango ya bodi, ambao huitwa bayosi, na kuzipangia feni mwendo: chini ya digrii 50 ziende taratibu, kisha zipande kidogo kidogo. Asizipangie kurukaruka, kwa sababu sikio huzoea mvumo ulio sawa lakini huamshwa na ule unaopanda na kushuka. Halafu aipe mashine kazi nzito kwa nusu saa huku akitazama kipimo. Prosesa iliyotajwa hapo juu ina kikomo cha digrii 95, ambapo hujipunguzia mwendo yenyewe ili isiungue. Ikibaki chini ya 80, kazi imefanyika vema.

Mpimaji asisahau wakati wa kupima. Feni haiwezi kuipoza mashine chini ya joto la chumba. Prosesa iliyosimama kwenye digrii 65 asubuhi chumba kikiwa na 22, itafika 75 hivi saa nane mchana chini ya mabati chumba kikiwa na 32. Tena Kampala iko juu ya bahari kwa meta zipatazo 1,200, na huko hewa ni nyepesi kwa yapata sehemu moja ya kumi kuliko Mombasa, kwa hiyo kila mzunguko wa feni hubeba joto pungufu kidogo. Basi mashine ipimwe saa ya jua kali, na nafasi iachwe.

MAHALI PAKE NYUMBANI

Kazi nzuri ya fundi huweza kuharibiwa na mapenzi ya nyumbani. Kitambaa kizuri kilichofumwa kwa mkono, kinachopendeza juu ya redio, ni blanketi kwa kompyuta. Ikiwa ni lazima ifunikwe kwa ajili ya vumbi, ifunikwe ikiwa imezimwa na imepoa. Isikae ndani ya kabati, wala sakafuni, wala karibu na sigiri, kwa kuwa majivu na moshi wenye mafuta hugandamana kwenye mapezi yakawa kama masizi ya sufuria. Iachiwe nafasi ya shubiri moja kutoka ukutani. Sakafu inyunyiziwe maji kabla ya kufagiwa. Katika sehemu kavu kama Karamoja, chujio lioshwe kila wiki na kukaushwa. Penginepo kila mwezi panafaa. Matundu yasiyo na kazi yazibwe kwa wavu laini, maana mende, sisimizi na mijusi hupenda joto.

Kila miezi mitatu mashine ichomolewe, ifunguliwe, na kupanguswa kwa brashi ndogo kavu. Anayepuliza kwa pampu aishike feni kwa kidole isizunguke mbio. Wengine, wakiona joto, hulitoa ubavu wa sanduku na kulielekezea feni ya mezani. Hilo hupoza kwa siku hiyo, lakini huleta vumbi la mwaka kwa mwezi mmoja na kuvuruga njia ya hewa. Usipoziba ufa utajenga ukuta.

Umeme nao uangaliwe. Waya wa ardhi katika plagi ya miguu mitatu usikatwe, na kifaa cha kusawazisha umeme chenye betri ni cha thamani pale unapokatika na kurudi kwa nguvu. Nchi zinazolizunguka Ziwa Viktoria zina radi nyingi. Mawingu yakijikusanya, plagi ichomolewe ukutani.

Mwisho, familia za askari hujua uhamisho. Kipoza cha mnara kina uzito, na vile vikubwa kabisa hupita kilo moja. Kikining'inia kwenye bodi nyuma ya lori katika barabara ya mashimo, kinaweza kuipasua. Kwa safari, kipoza kifunguliwe na kufungwa peke yake. Au, kwa uchache, sanduku lilazwe ubavu ili bodi ilale na kipoza kisimame wima juu yake, likiwa limezungukwa na magodoro. Kikifunguliwa, dawa ya zamani ipanguswe na mpya itiwe kabla ya kukirudisha.

Hakuna katika haya kazi inayohitaji shahada. Yanahitaji subira, mkono mwepesi, na akili ya kuuliza kila mara: joto hili litatokea wapi, na litamsumbua nani likitoka? Nyumba inayolijibu swali hilo kabla ya kutumia akiba yake hupata chombo cha kudumu miaka mingi, na mtoto huweza kusoma adhuhuri ilhali aliyelinda usiku kucha amelala.